Kumtafutia Mtu Kazi Nako ni Ufundi



Kila baada ya sala ya Ijumaa huwaona vijana na akina mama wetu wamezungukwa na watu wenye bahasha mikononi. Huyu anasomewa barua ya ofisi ya kazi, yule anajaziwa fomu, wa tatu anaandikiwa wasifu wa kupeleka kwa mwajiri. Wasaidizi hao hutaraji thawabu, na Mwenyezi Mungu awalipe. Wachache mno wanajua kwamba shughuli hiyo, hapa England, ni taaluma inayofundishwa kwa uanagenzi, na mwanagenzi hulipwa mshahara.

Serikali ya Uingereza ilifungua ofisi zake za kwanza za kuwaunganisha wafanyakazi na waajiri mwezi wa Februari 1910. Leo kazi hiyo hufanywa pia na halmashauri za miji, mashirika ya hisani na makampuni yenye mikataba ya serikali. Uanagenzi wake huitwa kwa Kiingereza Employability Practitioner, nao ni wa daraja la 4, linalolingana na mwaka wa kwanza wa chuo kikuu.

Usidhani ni ule wa kwetu, kijana akawekwa kwa seremala akafagia maranda mwaka mzima kabla ya kushika msumeno. Mwanagenzi wa hapa ana mkataba wa ajira, na sehemu ya saa anazolipwa hutengwa kwa masomo. Hujifunza kumhoji mtu pasi na kumdhalilisha. Kutambua kinachomzuia, kama ni lugha, maradhi, malezi ya watoto au deni. Kuzungumza na waajiri. Na kutunza siri. (Hilo la mwisho kwetu ni mtihani, maana habari hufika arusini kabla ya mwenyewe kufika nyumbani.)

Nilipata kumsindikiza jirani aliyekuwa karani wa ghala bandarini kwa miaka 19. Afisa aliyetupokea aliandika kwamba hana uzoefu, akamwelekeza kwenye kazi ya usafi. Hakumwuliza hata swali moja juu ya hesabu za shehena. Mimi nilikuwa mkalimani. Nilifasiri kila neno kwa usahihi, wala sikujua la kudai. Jirani yangu alifagia sakafu miaka minne.

Liko pia suala la riba, ambalo limewazuia vijana wetu wengi kuingia chuo kikuu. Sheria ya mwaka 2017 iliruhusu mikopo isiyo na riba, lakini miaka ikapita bila mwanafunzi kuipata. Mwanagenzi halipi ada, basi hana haja ya mkopo. Ujira wa mwanzo waweza kuwa mdogo: kuanzia Aprili 2025 kima cha chini cha mwanagenzi wa mwaka wa kwanza kilikuwa pauni 7.55 kwa saa. Mwenye watoto apige hesabu ya kodi ya nyumba kwanza.

Umri hauna ukomo juu. Atakiwacho mtu ni kupata mwajiri kwanza, na masharti ya ukaazi hutazamwa. Wanaosaidia msikitini waiombe kamati barua inayoeleza walichofanya na kwa muda gani, na waiombe sasa, kabla katibu aliyewashuhudia hajahamia mji mwingine.