Mbwa wa kuchunga: ngazi za mashindano na somo kwa mfugaji wa Singida

Mfugaji wa Mkalama au Ikungi akiambiwa kuna mbwa wenye vyeo vya kuchunga kondoo, huenda akacheka. Kwetu mbwa kazi yake ni kubweka fisi anapokaribia zizi na kumsindikiza mchungaji porini. Hata hivyo, tunaona vipimo vya mashindano hayo vina jambo la kumsaidia mfugaji wa hapa.

Mashindano ya kwanza yanayofahamika nchini Uingereza yalifanyika Bala, Wales, mwaka 1873. Mwaka 1906 kikaanzishwa chama cha kimataifa cha mbwa wa kondoo, ISDS. Katika mashindano yake, mbwa huanza na alama zote, kisha mwamuzi humpunguzia kwa kila kosa. Mbwa huzunguka kwa mbali bila kuwashtua kondoo, huwasogeza taratibu, huwaleta kwa mchungaji, huwaswaga kupitia malango, huwatenga baadhi, kisha huwaingiza zizini. Mchungaji huongoza kwa sauti na filimbi tu.

Nchini Marekani, klabu ya mbwa ya AKC imepanga ngazi. Mbili za mwanzo, HT na PT, ni za kufaulu au kufeli. Mbwa awe ametimiza miezi 9, na afaulu mara mbili mbele ya waamuzi wawili tofauti. Zinafuata HS ya wanaoanza, HI ya kati na HX ya juu. Katika kila moja, mbwa hutakiwa kufuzu mara tatu mbele ya waamuzi watatu, kwa alama zisizopungua 60 kati ya 100, na apate angalau nusu ya alama za kila kipengele. Kilele ni HC, yaani bingwa. Mbwa anaweza kupimwa kwa kondoo, ng'ombe au hata bata.

Somo liko wapi? Kabla ya mbio na ujanja, ngazi ya chini kabisa hutazama kama mbwa anasimama akiamriwa na anarudi akiitwa. Mbwa anayefukuza mbuzi kwa mchezo si hodari, ni hasara. Mbuzi mwenye mimba akikimbizwa sana anaweza kuitupa.

Pia tusichanganye kazi mbili. Mbwa wa kuswaga hutumia silika ya kuwinda iliyofugwa ikatulia: hukodoa macho, hunyemelea, lakini hang'ati. Mbwa wa kulinda hukuzwa na mbuzi tangu akiwa mtoto, awaone kama jamaa zake, na hatakiwi kuwakimbiza. Nchini Namibia, tangu mwaka 1994, shirika la kuhifadhi duma limekuwa likiwapa wafugaji mbwa wa kulinda wenye asili ya Uturuki, ili mifugo isiliwe na duma naye asiuawe. Kwa mfugaji wa Manyoni anayepakana na mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi, mlinzi wa namna hiyo ana maana kuliko cheo chochote.

Ukimchagua mbwa wako, anza mapema: mzoeshe mifugo akiwa mdogo, mfundishe kusimama na kurudi, mlishe vizuri. Akifikisha miezi mitatu, apate chanjo ya kichaa cha mbwa, na irudiwe kila mwaka. Mbwa asiyechanjwa, hata awe hodari namna gani, ni hatari kwa watoto wanaochunga naye.