Kontena tupu: hesabu yake kabla halijawa ofisi au nyumba

MTU aliyekodi kiwanja kando ya barabara na ambaye mtaji wake hautoshi kujenga ana njia mbili. Ya kwanza ni kuachana na kiwanja, apange fremu na kulipa pango la miezi sita au mwaka kwa mkupuo. Ya pili ni kununua kontena lililotumika, alishushe kiwanjani na kuligeuza duka.

Wengi wamechagua ya pili. Kuanzia Mbagala hadi Tegeta, na vivyo hivyo Mombasa na Nairobi, makontena yamekuwa saluni, maduka ya dawa, migahawa, vituo vya wakala wa pesa za simu na ofisi za wakandarasi. Sasa wapo wanaotaka kwenda mbele zaidi na kuishi humo. Kabla fedha hazijatoka mfukoni, hesabu ya kontena inafaa kupigwa upya, kwa sababu bei anayotajiwa mnunuzi pale yadi ni mwanzo tu wa gharama.

Ugavi wa bidhaa hii hautegemei kiwanda chochote cha hapa. Afrika Mashariki huagiza bidhaa nyingi za viwandani kwa makontena, lakini makontena yanayotoka yakiwa yamejaa ni machache kuliko yaliyoingia. Korosho, kahawa na tumbaku hujaza sehemu tu. Yanayobaki lazima yarudishwe matupu, na kurudisha kontena tupu ni gharama isiyo na mapato. Kontena likishatumika miaka 12 hadi 15, mwenye nalo hupima kama alirudishe Asia au aliuze hapo lilipo. Likiwa limebonyea na kuanza kula kutu, jibu mara nyingi ni kuliuza.

Kwa mzigo unaokwenda nchi jirani hesabu ni kali zaidi. Lubumbashi iko karibu kilomita 2,000 kwa barabara kutoka Dar es Salaam, na lori linalorudisha kontena tupu linataka mafuta yale yale. Ndiyo maana wakala wa meli hudai amana kabla kontena halijatoka bandarini, na hutoza kwa kila siku inayozidi muda uliokubaliwa.

Bei nayo haiamuliwi Kariakoo. Zaidi ya asilimia 90 ya makontena mapya ya dunia hutengenezwa China, na bei ya jipya huvuta bei ya kuukuu. Kontena jipya la futi 20 lililouzwa chini ya dola 2,000 mwaka 2019 lilipita dola 3,500 mwaka 2021, wakati meli zilipokwama na usafirishaji ukavurugika duniani. Kufikia 2023 lilikuwa limeshuka hadi kwenye dola 2,000 hivi. Aliyenunua wakati wa mfumuko ule alilipia uhaba.

Mwenye mali ni nani

Kosa la gharama kubwa kuliko yote katika soko hili halihusiani na ujenzi hata kidogo. Ni kununua kontena kwa mtu asiye mwenye nalo.

Mfanyabiashara aliyeagiza mzigo ananunua mzigo, hanunui kontena. Kontena ni mali ya kampuni ya meli, au ya kampuni inayoikodisha kampuni ya meli. Kwa hiyo mwagizaji anayesema "chukua na kontena lake" anauza kitu cha watu, na mnunuzi anaweza kufuatwa baadaye, likiwa tayari limekatwa madirisha na kupakwa rangi. Aidha, kwa upande wa forodha kontena huingia nchini kama chombo cha kubebea mzigo kinachotarajiwa kutoka tena. Likibaki kwa ajili ya matumizi ya ndani, taratibu za forodha lazima zikamilishwe na malipo yanayostahili yafanywe.

Njia ya kujihakikishia si ngumu. Kila kontena lina utambulisho wake mlangoni na ubavuni: herufi nne, ya nne kwa kawaida ikiwa U, kisha tarakimu saba. Herufi tatu za kwanza zinamtaja mwenye mali. Mnunuzi anapaswa kudai hati ya mauzo inayoanzia kwa mwenye mali huyo au wakala wake, yenye namba ile ile iliyoandikwa kwenye bati, pamoja na karatasi za forodha. Muuzaji akianza kuzungukazunguka, bei yake ya chini imekwisha kujieleza.

Mlangoni pia pana bamba la chuma linalotokana na mkataba wa kimataifa wa usalama wa makontena wa 1972. Bamba hilo huonyesha tarehe ya kutengenezwa na uzito ambao kontena linaruhusiwa kubeba. Pembeni yake mara nyingi huwa na maelezo ya dawa iliyotiwa kwenye mbao za sakafu. Kwa anayetaka kulala humo, maelezo hayo ni ya kusomwa kwa makini. Sakafu ni plaiwudi ya milimita 28 hivi, na iliwekwa dawa ya kuua wadudu kwa sababu bandari nyingi hazitaki wadudu wa mbao kutoka nje. Haikuwekwa kwa kufikiria mtoto atakayetambaa juu yake. Ama ing'olewe na kubadilishwa, au ifunikwe kwa tabaka lisilopitisha hewa. Na kama kontena liliwahi kubeba kemikali, ni afadhali liachiwe wenye maghala.

Tofali 400

Kontena la futi 20 lina urefu wa mita 6.06, upana wa mita 2.44 na kimo cha mita 2.59 kwa nje. Kwa ndani hubaki mita 5.90 kwa 2.35, yaani mita za mraba 13.9 hivi. Kuta na dari zikishawekewa kizuia joto cha sentimita 5 pamoja na ubao wa kufunika, eneo hushuka hadi mita za mraba 13 na upana hadi mita 2.25. Kitanda cha futi sita kikiwekwa kwa upana, aliyelala upande wa ukutani hatoki bila kumruka mwenzake.

Tuseme mnunuzi amelipata kwa dola 2,000. Gamba peke yake limemgharimu dola 150 na ushee kwa kila mita ya mraba, kabla ya lori, kreni, mlango, dirisha, nyaya na rangi. Sasa na alilinganishe na tofali. Chumba cha ukubwa huo huo kwa nje kina mita za mraba 44 za ukuta. Tofali la inchi 6 la kawaida huenda kama 10 kwa mita ya mraba, hivyo ukitoa mlango na madirisha mawili zinabaki tofali karibu 400. Kwa kiwango cha tofali 30 kwa mfuko mmoja wa simenti, hiyo ni mifuko 13 au 14 ya kufyatulia. Ongeza msingi, simenti ya kujengea, bati chache na siku za fundi. Msomaji anazijua bei za mtaani kwake na anaweza kuzidisha mwenyewe, lakini si wengi watakaokuta kontena limeshinda kwa bei.

Tena kontena lina umbo la hasara. Kuta zake za ndani zina jumla ya mita 16.5 kuzunguka, wakati chumba cha mraba chenye eneo lile lile kingemaliza kwa mita 15. Kwa kontena lililokwisha kujengwa tofauti hiyo huangukia kwenye kufunika ndani: kuta na dari kwa pamoja ni mita za mraba 53, sawa na mbao 18 hivi za jipsamu za futi nne kwa nane, bila kuhesabu vipande vinavyoharibika.

Faida ya kontena basi iko wapi? Iko katika muda na katika kufuli. Halisubiri tofali likauke. Mwizi hatoboi ukuta wake kwa sururu usiku. Na siku ya kuhama, linahama.

Joto na kisu cha fundi

Kuta za kontena ni chuma chenye unene wa milimita 2 au pungufu. Jua la saa saba mchana katika Pwani hupenya hapo kama hakuna ukuta, na usiku unyevu hugeuka matone upande wa ndani. Kiyoyozi ni dawa ya gharama: bili ya umeme huja kila mwezi, ilhali kivuli hulipiwa mara moja. Kontena liwekwe urefu wake ukielekea mashariki na magharibi ili jua la asubuhi na jioni lipige ncha fupi. Lipakwe rangi nyeupe. Madirisha yakabiliane katika kuta ndefu. Kisha juu yake lijengwe paa la pili la bati, lililoinuliwa kiasi cha futi moja ili upepo upite katikati, na lichomoze kando kufanya baraza. Wauza chakula wengi wanaoweka paa la namna hiyo wanaliweka kwa ajili ya wateja wakae nje, kumbe limewafaa na wao walio ndani.

Kuhusu kukata, nguvu ya kontena iko kwenye nguzo nne za pembeni na boriti zinazoziunganisha. Ndiyo maana makontena hupangwa moja juu ya jingine melini yakiwa yamejaa, uzito ukishuka pembe kwa pembe. Bati la ubavuni lenye mikunjo nalo lina kazi, linazuia boriti za juu zisipinde. Fundi mchomeleaji anayeondoa ubavu mzima ili kuunganisha makontena mawili yawe ukumbi mmoja, bila kuweka boriti na nguzo nyingine za chuma, anamwachia mteja paa litakalolegea. Hata uwazi wa dirisha unapaswa kuzungushiwa fremu ya chuma kabla ya grili. Gharama hizo huwa hazimo katika makisio ya kwanza ya fundi.

Umeme ni jambo jingine lisilotaka mzaha. Nyumba nzima ni chuma. Waya mmoja ukichubuka, ukuta, mlango na kitasa vyote vinaweza kuwa na umeme. Gamba lote lazima liunganishwe na waya wa ardhini, na kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni.

Mifano ya nje hutajwa sana na wauzaji. Kontena lenyewe lilianza kazi ya kisasa tarehe 26 Aprili 1956, meli Ideal X ya Malcom McLean ilipoondoka Newark kwenda Houston na makontena 58. Mwaka 1989 Mmarekani Phillip Clark alipewa hataza ya namna ya kuyageuza kuwa jengo la kukaliwa. London ilipata Container City mwaka 2001. Hata hivyo, makazi ya wanafunzi ya Keetwonen kule Amsterdam, yaliyokuwa na vyumba takriban 1,000, yalitumia visanduku vipya vilivyotengenezwa China kwa kazi hiyo, si makuukuu ya bandarini. Uwanja wa Stadium 974 uliotumika katika Kombe la Dunia la 2022 nchini Qatar una makontena 974, lakini yamepachikwa ndani ya fremu kubwa ya chuma. Anayeonyeshwa picha hizo yadini aulize ni ipi kati ya hizo inafanana na kile anachouziwa.

Ardhi ya nani

Kwa mwenye kiwanja chake na hati yake, anayetaka nyumba ya familia, tofali bado ni chaguo bora, na nyumba ya tofali huweza kuwekwa rehani benki pamoja na kiwanja. Kontena huhesabiwa kama mali inayohamishika. Kenya ilitunga sheria ya dhamana za mali zinazohamishika mwaka 2017, lakini mkopo wa nyumba wa miaka mingi ni jambo jingine.

Kontena linalipa kwa mpangaji wa ardhi. Mwenye mkataba wa miaka miwili akijenga kwa tofali, amemjengea mwenye kiwanja. Akiweka kontena, ataondoka nalo, iwapo hakulifunga kwa zege. Katika sheria tulizorithi kwa Waingereza, kilichoshikamanishwa na ardhi huelekea kuhesabiwa sehemu ya ardhi. Nguzo nne fupi za zege chini ya pembe zake zinatosha kulibeba, nazo huacha hewa ipite chini na kupunguza kutu. Vile vile mkataba wa pango useme wazi kwamba kontena na vifaa vyake ni mali ya mpangaji na kwamba anaruhusiwa kulitoa mkataba ukiisha.

Kuwa la chuma hakulipi kontena haki ya kukaa popote. Kibali cha halmashauri kinatakiwa, na hifadhi ya barabara inabaki hifadhi ya barabara. Oktoba 2021, wafanyabiashara wadogo wa Dar es Salaam walipoondolewa kandokando ya barabara, aliyekuwa na kibanda cha kubebeka bado alihitaji mahali pa kukipeleka.

Na kabla ya kulipia, mnunuzi apime njia. Kontena tupu la futi 20 lina uzito wa kilo 2,200 na zaidi, la futi 40 karibu kilo 3,800. Lori lenye kreni linahitaji nafasi ya kugeuka na kunyoosha mkono bila kugusa nyaya za umeme. Kama uchochoro ni mwembamba leo, mpangaji ajue kwamba jirani akijenga ukuta mwakani, kontena lake halitatoka tena likiwa zima.