Mzazi Anapokata Vidonge Nusu ili Vifike Mwisho wa Mwezi

Umefika Tukuyu kumsalimia mama. Unapomsaidia kutandika kitanda, unakuta vidonge vyake vya presha chini ya mto, vingine vimekatwa kwa kisu. Ukimuuliza, anakujibu taratibu: "Mwanangu, nabana ili vifike."

Mama hajamdharau daktari. Amepiga hesabu tu. Wazee wengi wa Mbeya na Iringa wana kipato kisichoongezeka: pensheni ndogo, fedha za TASAF zinazotolewa kwa awamu, au mahindi na viazi vinavyouzwa msimu wa mavuno. Dawa za presha na sukari nazo zinamezwa kila siku.

Usimgombeze, maana akigombezwa atazificha zaidi. Keti naye, toeni dawa zote mezani, mhesabu pamoja.

Kwa nini nusu kidonge ni hatari?

Presha inaweza kuwa juu bila mtu kuumwa chochote. Mzee anameza nusu, anajisikia mzima, anaona imetosha, hadi siku anapopata kiharusi. Tena vipo vidonge vilivyotengenezwa viyeyuke polepole mwilini, kama aina fulani za nifedipini. Ukikikata kidonge cha namna hiyo, dawa inaweza kuingia mwilini kwa mkupuo, presha ikashuka ghafla na mzee akaanguka. Kama dozi inahitaji kupunguzwa, daktari ndiye wa kuipunguza.

Kabla ya kwenda famasi, ulizia haki yake

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na mzee asiyejiweza anatakiwa kutibiwa bila malipo katika vituo vya serikali. Lakini haki hiyo inahitaji kitambulisho cha matibabu cha mzee. Anza kwa mwenyekiti wa mtaa au kitongoji na mtendaji, uulize kama jina la mzazi wako limo kwenye orodha ya wazee wasiojiweza. Kama halimo, fika kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ukiwa na picha ndogo ya mzee na kitu kinachoonyesha umri wake. Wazee wengi hawalifuatilii jambo hili kwa sababu kutembea ni shida. Hapo ndipo mtoto au mkwe anasaidia kuliko hata kutuma hela.

Kama baba alikuwa mtumishi na alichangia NHIF, angalia kama kadi yake ya mstaafu bado inafanya kazi. Kama kaya haina bima yoyote, uliza kituo cha afya kilicho karibu kuhusu bima kwa kaya. CHF iliyoboreshwa ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu hadi sita. Tangu Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 mipango inabadilika, kwa hiyo chukua maelezo ya sasa kituoni, usitegemee ya jirani.

Na wakisema "dawa hakuna"?

Hili ndilo linalowakatisha tamaa wengi: kitambulisho unacho, dirishani dawa haipo. Usiondoke hapo hapo. Rudi kwa daktari, muulize kama ipo dawa nyingine inayofanya kazi hiyo hiyo na ambayo iko stoo. Mwenye NHIF aombe fomu ya kuchukulia dawa kwenye famasi yenye mkataba na mfuko.

Ikibidi kununua, mwombe daktari aandike jina la dawa yenyewe, si jina la kampuni. Glucophage, kwa mfano, ni metformini. Norvasc ni amlodipini. Zipo za viwanda vingine zilizosajiliwa na TMDA, na mara nyingi bei yake ni ndogo zaidi. Muulize mfamasia: "Ya bei nafuu ya dawa hii hii ipo?" Hakuna aibu katika swali hilo.

Nauli nayo ihesabu. Kwa mzee wa Kilolo anayekwenda kliniki Iringa mjini kila mwezi, gari linaweza kula hela nyingi kuliko vidonge. Kama hali yake imetulia, muulize daktari kama anaweza kupewa dawa za muda mrefu zaidi, au kuhamishiwa kituo cha karibu na nyumbani.

Angalia pia kinachonunuliwa bila cheti. Juni na Julai, baridi ikiuma na magoti yakilalamika, wazee hununua diklofenaki dukani. Dawa hiyo inaweza kupandisha presha na kuumiza figo, kwa hiyo mzee anakuwa amelipia kitu kinachoharibu kazi ya dawa aliyobania. Muulize mhudumu wa afya dawa ya maumivu inayomfaa.

Kama ameshaacha dawa

Usimpe mbili kwa mpigo ili kufidia zilizopita. Mpeleke apimwe presha au sukari, na ubebe mfuko wote wa dawa, hata zilizokatwa, daktari azione kama zilivyo. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikosa mpangilio, usisubiri siku ya kliniki: mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.