Kulihifadhi Trekta Dogo Hata Msimu Ujao

Wengi wetu hudhani ya kuwa trekta huharibika likiwa kazini, na likiisha kuegeshwa bandani limo salama. Sivyo. Mara nyingi huharibika likiwa limelala.

Nyumbani kwetu tulilijua jambo hili kwa hasara. Pawatila yetu iliegeshwa baada ya kulima, tope lingali katika visu vyake na dizeli ikiwa nusu tangi. Haikuguswa hata Machi iliyofuata. Mvua ya kwanza ilipoanguka, baba alizungusha hendeli mpaka mikono ikafa ganzi, injini isiitike. Fundi alipoifungua alikuta maji katika dizeli, kutu katika nozeli, na kiota cha panya ndani ya chujio la hewa. Majirani walipanda kwa mvua ile. Sisi tulipanda majuma mawili nyuma yao, na mahindi yetu yakapigwa na jua kabla ya kubeba. Fedha za sare na madaftari zilikwenda kwa fundi.

Juu mlimani, katika vihamba vya migomba na kahawa, kazi ni ya jembe la mkono. Lakini mashamba ya tambarare yanahitaji mashine. Mradi wa umwagiliaji wa Moshi Chini, uliokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, uliwazoeza wakulima wa mpunga kulima majaruba kwa trekta; na wito wa Kilimo Kwanza wa mwaka 2009 ulieneza pawatila katika wilaya nyingi nchini. Mashine hizi hufanya kazi majuma machache, kisha hukaa miezi.

Vitabu vyake vingi huandikwa katika nchi za baridi kali. Huko maji yaliyobaki katika injini huganda, yakatanuka kwa karibu asilimia 9, na chuma kikapasuka. Kwetu maji hayagandi ila kule juu Kibo. Adui zetu ni unyevu, vumbi na panya. Basi tufanye hivi:

1. Osha mashine yote, hasa visu. Tope na mbolea hushika unyevu na kuleta kutu. Ikikauka, paka visu oili chakavu, na utie grisi mahali pote pa grisi.

2. Badili oili ya injini kabla ya kuiweka, wala si siku ya kuitoa. Oili iliyotumika ina masizi na asidi ambazo hula chuma polepole. Ukiisha kutia mpya, washa injini dakika chache ili oili ienee.

3. Jaza tangi la dizeli. Tangi likiwa nusu, hewa iliyomo hupoa usiku na kutoa matone ya maji, hasa katika asubuhi za ukungu za Juni na Julai. Maji ni mazito kuliko dizeli, hivyo hushuka chini, ndiko bomba linakoanzia. Injini ya petroli ni kinyume: petroli huchacha na kuacha gundi, basi itolewe yote.

4. Kama rejeta ina maji matupu, yamwage injini ikiwa imepoa, na uandike kibao: “Haina maji.” Kama ina dawa ya rejeta, iache imejaa.

5. Kwa injini ya silinda moja, zungusha hendeli polepole, bila kuwasha, mpaka uione nzito. Hapo vali zote zimefungwa, na hewa yenye unyevu haiingii ndani.

6. Legeza mikanda. Inua mashine juu ya magogo imara ili matairi yasibebe uzito, tena yasipigwe na jua. Kama kuna betri, fungua kwanza waya wa hasi, uiweke pakavu, na kuichaji kila mwezi. Betri iliyokaa bila chaji hufa.

7. Ziba bomba la moshi na mlango wa chujio la hewa kwa kitambaa chekundu kinachoonekana. Usiweke magunia ya nafaka karibu, maana panya hufuata chakula.

Majuma mawili kabla ya kulima, wala si siku ya mvua, iamshe. Toa vitambaa, kaza mikanda, pima oili, maji na upepo wa matairi. Fungua nati iliyo chini ya chujio la dizeli, maji yatoke, kisha toa hewa katika bomba. Zungusha injini mara kadhaa bila mafuta ili oili ifike kwenye beringi. Ndipo uwashe, na uiache ingurume polepole dakika tano kabla ya kuipa kazi. Sharti iwe nje, kwani moshi wa injini ndani ya banda lililofungwa huua mtu.

Kazi hii yote haizidi siku moja, na gharama yake ni oili, grisi na dizeli ambayo utaitumia baadaye. Sisi nyumbani sasa tunaifanya kila mwaka, na mimi ndiye mwenye kuandika kibao. Wenzangu mlio na mashine nyumbani, likizo hii nendeni mkaitazame. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.