Oili Inavuja: Tafuta Chanzo Kabla ya Kununua Tabo



Kabichi ya Lushoto haimngojei fundi. Ikikaa juani inanyauka, na mnunuzi hupunguza bei. Lori la kuishusha hadi Mombo likiharibika njiani, mkulima hupata hasara hata kama shamba lake limezaa vizuri. Ndivyo ilivyo pia kwa machungwa ya Muheza na samaki wa Pangani.

Malori mengi ya dizeli yana tabo. Tabo ikilowa oili, watu wengi husema mara moja, "Tabo imekufa." Hununua nyingine kwa fedha nyingi. Baada ya muda mfupi oili huvuja tena. Kwa nini? Kwa sababu walibadilisha kilicholowa, hawakutafuta kilichokilowesha.

TABO NI NINI?

Tabo ni pampu ya hewa. Ina magurudumu mawili madogo yenye mapanga. Yameunganishwa kwa chuma kimoja kiitwacho shafti. Moshi wa injini huzungusha gurudumu la kwanza. Gurudumu la pili husukuma hewa nyingi ndani ya injini. Kwa hewa hiyo injini hupata nguvu ya kupanda mlima.

Shafti hiyo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja. Bila oili itaharibika upesi. Kwa hiyo kuna bomba jembamba linaloleta oili kwa nguvu ya pampu. Kuna pia bomba nene linaloirudisha chini. Oili inayorudi haisukumwi. Inateremka yenyewe, kama maji ya mfereji. Bomba hilo likiziba au likipindika, oili hujaa ndani ya tabo na kupenya pembeni.

JINSI YA KUTAFUTA CHANZO

Tuseme kikundi chenu kina lori, na dereva ameona oili chini. Fanyeni hivi:

1. Egesheni lori mahali tambarare. Zimeni injini, ipoe. Pimeni oili kwa kijiti chake. Ikipungua, ongezeni kabla ya kuwasha. Ikizidi alama ya juu, punguzeni. Oili iliyozidi nayo huweza kuvuja.

2. Safisheni injini kwa kitambaa na sabuni. Jeraha jipya halionekani kwenye uchafu wa zamani. Msimwage maji kwenye nyaya wala kwenye njia ya hewa.

3. Endesheni kidogo, kisha zimeni na mmulike kwa tochi. Anzeni juu kwenda chini, kwa sababu oili huteremka. Palipolowa juu kabisa ndipo pa kushuku kwanza. Huenda ni gasketi ya mfuniko wa juu wa injini, wala si tabo.

4. Kagueni chujio la hewa. Barabara za mashamba ya mkonge zina vumbi jingi. Chujio likiziba, tabo hukosa hewa na huvuta oili kutoka kwenye shafti yake.

5. Kagueni bomba la kupumulia la injini. Likiziba, hewa hubanwa ndani na kuizuia oili ya tabo isirudi. Kama moshi mwingi unatoka hapo, huenda pistoni na ringi zake zimechakaa. Tabo mpya haitaponya ugonjwa huo.

6. Mwisho, injini ikiwa imezimwa na imepoa, fundi afungue mpira wa hewa na kuishika shafti ya tabo. Utando mwembamba wa oili ndani ya mpira ni kawaida. Shafti kucheza kidogo kwa pembeni pia ni kawaida. Lakini kama mapanga yanakwaruza ukuta wa tabo, au shafti inakwenda mbele na nyuma kwa kuonekana, tabo imechoka kweli.

HATARI MBILI

Upande wa moshi wa tabo huwa wa moto sana. Oili ikiudondokea, gari huweza kuungua.

Hatari ya pili ni kubwa vilevile. Tabo ikimwaga oili nyingi kwenye njia ya hewa, injini ya dizeli huweza kuichoma oili hiyo kama mafuta yake. Itanguruma kwa kasi, wala haitazimika kwa ufunguo. Ukiona moshi mwingi wa buluu, simama. Usiendelee na safari.

KINGA

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi, na barabara hupanda karibu mita 1,000. Ukifika juu na mzigo, usizime injini papo hapo. Iache ingurume polepole kwa dakika mbili au tatu. Ukizima ghafla, oili huacha kupita wakati tabo bado ni ya moto. Iliyobaki ndani huungua na kuwa masizi, na masizi huziba njia.

Badilisha oili na chujio lake kwa wakati. Fundi asipake gundi ya gasketi kwenye mabomba ya oili ya tabo. Vipande vyake hukatika na kuziba njia.

Wahenga walisema: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini kwanza ujue ufa uko wapi.

MASWALI YA KUJADILI

1. Nani hupima oili ya lori lenu, na siku gani?
2. Kwa nini tuoshe injini kabla ya kutafuta uvujaji?
3. Fundi akisema "Nunueni tabo mpya", mtamwomba awaonyeshe nini kwanza?