Mwana, si Kibarua

Watu wengi, Wakristo wenyewe wakiwamo, huuchukulia uhusiano wa Mungu na mwanadamu kama ajira. Ukisali, ukitoa zaka, ukijiepusha na ulevi na uzinzi, unahesabiwa siku za kazi; siku ya kufa unaitwa dirishani kupokea ulichostahili. Ukiharibu, kibarua kimeota nyasi. Picha hiyo inaeleweka haraka, maana ndivyo dunia tunayoishi inavyokwenda. Hata hivyo, mafundisho ya msingi ya Ukristo yanadai jambo gumu zaidi kulimeza: kwamba Mungu alimuumba binadamu awe mwanawe, na kwamba binadamu alipoihama nyumba, aliyetoka kwenda kumtafuta mwenzake ni Mungu.

Dai hilo linaonekana wazi katika kisa cha mwana mpotevu, kwenye sura ya 15 ya Injili ya Luka. Kijana anadai urithi wake baba yake angali hai, anautapanya ugenini, na njaa inamkuta akichunga nguruwe, mnyama aliye najisi kwa Wayahudi. Hapo ndipo anapotunga maneno ya kwenda kumwambia baba yake. Yana sehemu tatu: atakiri kosa, atasema hastahili tena kuitwa mwana, kisha ataomba awekwe miongoni mwa vibarua. Baba anamwona angali mbali, naye, mzee mwenye mali na heshima zake, anakimbia njiani kumlaki. Kijana anaanza. Anaitoa sehemu ya kwanza, anaitoa ya pili. Ya tatu haisikiki kabisa. Baba ameshawageukia watumishi, anaagiza joho, pete, viatu na ndama aliyenona. Ombi la kibarua linafia mdomoni. Msomaji akiipita haraka aya hiyo haoni kitu. Akituama, ataona kwamba kijana alikuja na mkataba mkononi, na baba hakutaka hata kuusoma.

Mpangilio huo, wa Mungu kutangulia na mwanadamu kuitika, haukuzuka kwa Luka. Katika kitabu cha Mwanzo, Adamu na Hawa wanapokosa wanajificha kwenye miti, na anayekuja akiuliza waliko ni yule aliyekosewa. Katika Kutoka, sura ya 20, kabla ya kutaja amri hata moja, Mungu anawakumbusha Waisraeli kuwa amekwisha kuwatoa utumwani Misri. Walipewa sheria wakiwa tayari huru. Haikuwa bei ya uhuru wao. Na ndiyo sababu maaskofu waliokutana Nikea mwaka 325 walilivalia njuga swali ambalo kwa mbali laonekana la wasomi tu. Ario, kasisi wa Aleksandria, alifundisha kwamba Mwana ni kiumbe, mkuu kuliko vyote, lakini kiumbe. Mtaguso ulikataa, ukakiri kuwa Mwana ni Mungu sawasawa na Baba. Tukirudi kwenye kisa chetu, tofauti inaeleweka: kama Ario alikuwa sahihi, baba alibaki barazani akamtuma mtumishi barabarani. Nikea ilishikilia kwamba aliyekimbia ni mwenye nyumba.

Hapa pana pingamizi la haki, ambalo jirani Mwislamu hulitoa, na Wakristo wengi pia hujiuliza kimoyomoyo. Ikiwa Mungu ni mwingi wa rehema, si angesamehe tu kwa neno? Msalaba wa nini? Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, na Ukristo haubishani nao. Unauliza ni nani aliyelipa. Mwenye duka akilifuta jina lako kwenye daftari la madeni, unga umekwisha kuliwa. Hasara haikuyeyuka, imehama kutoka kwako, imekaa kwake. Kila msamaha wa kweli una anayebeba gharama, na mara zote ni yule anayesamehe. Mkristo anauona msalaba kuwa mahali Mungu alipoibeba gharama hiyo mwenyewe. Mtu anaweza kulikataa dai hilo, lakini hawezi kusema kuwa linalifanya deni lionekane dogo.

Pingamizi la pili linatoka upande mwingine: msamaha wa bure utawafanya watu wajiachie. Paulo alikutana nalo mapema, akalijibu katika barua yake kwa Warumi, sura ya 6: aliyeifia dhambi ataishije tena ndani yake? Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Kilutheri aliyenyongwa na Wanazi mwezi Aprili 1945, aliandika kitabu kizima dhidi ya kile alichokiita neema rahisi, ile inayosamehe bila kumbadili mtu. Mwana halimi shamba ili apate kuwa mwana, ila mwana asiyejali shamba lolote la baba yake anatia shaka kama amerudi kweli. Matendo yanabaki, kinachobadilika ni sababu yake. Kwa kipimo hichohicho, mahubiri yanayomwambia mwumini apande mbegu ya fedha ili Mungu alazimike kumrudishia mara dufu yanamrudisha kijana kwenye foleni ya vibarua, tena kwa jina la imani.

Suala hili liliwahi kuligawa Kanisa la Magharibi. Martin Luther alipotoa hoja zake 95 mwaka 1517 kupinga biashara ya vyeti vya rehema, swali lililokuja kuwatenganisha watu ni hili la namna mwanadamu anavyokubaliwa na Mungu. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Ujerumani, Kanisa Katoliki na Fungamano la Kilutheri Duniani walitia saini tamko la pamoja wakikiri kwamba mtu hukubaliwa kwa neema, kwa kumwamini Kristo, wala si kwa stahili yake. Tofauti hazikuisha, lakini kiini kilikubaliwa.

Bado kisa cha Luka kina mtu mmoja tuliyemwacha nje. Kaka mkubwa anasikia ngoma na kukataa kuingia. Anamhesabia baba yake miaka aliyotumika na amri alizotii, kisha analalamika kuwa hakupewa hata mwanambuzi. Hakuwahi kuihama nyumba, lakini lugha yake ni ya kibarua anayedai malipo. Baba anatoka tena, mara ya pili siku hiyohiyo, anamsihi, anamwita mwana, anamwambia kwamba vyote alivyo navyo ni vyake. Luka anaishia hapo. Kama aliingia au alibaki uani na hesabu zake, hatuambiwi.