Baada ya Mionzi, Bukari Italiwaje?

Mgonjwa wa saratani ya kinywa au koo anayerudi Kolwezi baada ya tiba huulizwa swali moja na ndugu, majirani, mara nyingine hata daktari: uvimbe umekwisha? Ni swali la haki, ila halitoshi. Saratani za kichwa na shingo hushika mahali pale pale mtu anapopumulia, anapotafunia, anapomezea na anaposemea, na kisu au mionzi inayoung'oa ugonjwa haina njia nyingine ya kupita. Kwa hiyo maisha baada ya tiba ni sehemu ya tiba yenyewe, wala si anasa ya wenye nacho. Na sehemu hiyo inaweza kufanyika Lualaba kwenyewe, hata kama mashine ya mionzi iko mbali.

Kwa kawaida mionzi ya saratani hizi hutolewa siku 5 kwa wiki, kwa wiki 6 hadi 7. Kwa mkazi wa Dilala au Manika, hiyo ni kuhamia Kinshasa, au kuvuka mpaka Kasumbalesa kwenda Lusaka, ambako hospitali ya saratani ilizinduliwa 2007. Akirudi, mengi ndiyo kwanza yanaanza. Tezi za mate zilizopigwa na mionzi hukauka, na kwa baadhi ya watu hazirudi tena katika hali yake. Bukari, ambayo zamani ilikatwa tonge, ikachovywa kwenye sombe na kuteremka yenyewe, sasa hugandama kwenye kaakaa na kila tonge hudai maji. Meno yasiyooshwa na mate huoza upesi. Taya nalo hukakamaa: mtu mzima mwenye afya huweza kupitisha vidole 3 vilivyopangana kati ya meno ya juu na ya chini; anayepitisha kimoja tu hata mswaki humshinda. Tezi ya thairoidi, iliyo shingoni, huweza kudhoofika polepole kwa miaka, na uchovu wake ukachukuliwa kuwa uvivu au saratani iliyorudi.

Aliyeondolewa zoloto, yaani kisanduku cha sauti, hupumua kwa tundu lililo chini ya shingo. Hewa haipiti tena puani, ambako ingechujwa, ingepashwa joto na kupata unyevu. Wakati wa kiangazi, malori ya madini yanapotimua vumbi barabarani, vumbi hilo huelekea mapafuni moja kwa moja. Kitambaa chepesi chenye unyevu kikifunika tundu hupunguza madhara. Lipo pia jambo la kazi. Viwanda vya shaba na kobalti huyeyusha madini kwa asidi ya salfa, na mwaka 1992 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliuhesabu ukungu wa asidi kali za namna hiyo kazini kuwa kisababishi cha saratani, hasa ya zoloto. Tumbaku na pombe kali bado ndizo visababishi vikuu. Hata hivyo, kumrudisha mtu huyu kwenye matangi ya asidi kwa sababu tu amepewa cheti cha kupona ni kumwonea.

Wapo watakaosema: uhai kwanza, mengine baadaye. Wana ushahidi, maana wagonjwa wenyewe wakiulizwa, wengi hutanguliza kupona na kuishi muda mrefu. Lakini mwaka 1981 watafiti wa Marekani waliwauliza watu 37 wenye afya wangechagua nini wakipata saratani ya zoloto. Mmoja kati ya 5 hivi alikuwa tayari kupunguza nafasi yake ya kuishi ili asipoteze sauti. Miaka 10 baadaye, utafiti mwingine wa huko ulifuatilia wagonjwa 332 ukaonyesha kwamba kwa wengi chaguo hilo gumu linaweza kuepukwa: waliofanyiwa upasuaji na walioanza kwa dawa kisha mionzi walikuwa hai kwa kiwango kile kile baada ya miaka 2, asilimia 68, na karibu theluthi mbili ya kundi la pili walibaki na zoloto yao. Kujali sauti, basi, hakukuwagharimu uhai. Tena asiyeweza kumeza hukonda, na chakula kinachopotea njia kikaingia mapafuni huleta nimonia. Mstari kati ya uhai na ubora wa maisha si mnyoofu kama unavyodhaniwa.

Pingamizi la pili ni fedha, nalo lina uzito. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2011 ulionyesha kwamba mionzi inayolengwa kwa usahihi ili kukwepa tezi za mate ilipunguza ukavu mkubwa wa kinywa baada ya mwaka mmoja kutoka asilimia 74 hadi 38, na mashine za namna hiyo ni ghali. Lakini mengi yaliyobaki hayahitaji mashine. Meno mabovu yang'olewe wiki kadhaa kabla ya mionzi, kwa sababu jino likitolewa baadaye kwenye taya lililochomwa, mfupa unaweza kufa. Mazoezi ya taya na ya kumeza hufanyiwa nyumbani. Uji wa soya na karanga zilizosagwa laini hurudisha uzito. Thairoidi hupimwa kwa damu kila baada ya miezi 6 hadi 12, na ikidhoofika hutibiwa kwa kidonge. Mgonjwa apewe barua inayosema alichomwa wapi, ili daktari wa meno yeyote aisome kabla ya kushika koleo. Na mwenye tundu shingoni avae kadi inayoonya kwamba oksijeni hupitishwa shingoni, si mdomoni.

Mkoa huu hauwezi kusema hauna kitu. Sheria ya madini iliyorekebishwa 2018 inazitaka kampuni zitenge asilimia 0.3 ya mauzo kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka migodi. Muuguzi mmoja aliyefunzwa mazoezi ya kumeza, kiti kimoja cha meno na daftari la kufuatilia wanaorudi ni mzigo mwepesi mbele ya fungu hilo. Daftari hilo liandike kama uvimbe umerudi, na kando yake liandike pia kama mtu huyu anakula na wenzake, anasikika akisema, na amerudi kazini. Tiba isiyoulizia hayo haijamaliza kazi yake.